Kifaru Kilichovunja Maombi Mulanda

Kijijini kwetu Mulanda wapo akina mama ambao hadi leo wakiniona nashuka kwenye bodaboda wananiuliza kama nimekuja kuwasagia, nami huongeza mwendo, maana aibu ile niliinunua mwenyewe, tena bila kupunguziwa.

Naitwa Nyadoi. Nina meza ya kutengeneza simu na redio pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na sokoni najulikana kwa mambo mawili: ubishi wa bei, na kuhesabu kila kitu mara mbili. Baba yangu alikuwa fundi wa vifaru vya jeshi kambini Rubongi, akastaafu, akarudi Mulanda kulima. Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi. Mkono, muuguzi alisema, nao utarudi ukitumiwa, lakini mzee akakataa katakata kuutumia. Aliuweka mapajani kama mgeni ambaye hajui ameletwa na nani, akawa anakula kwa kushoto, anasalimia kwa kushoto, na ule mpira wa kufinya tuliomnunulia akampa mbwa.

Basi siku moja, upande wa Kenya, nikaona kifaru cha rimoti kwenye rundo la mitumba ya watoto. Nikamwambia muuzaji kina mnyororo mmoja tu, akasema ndivyo modeli yake ilivyo (nilihesabu mara mbili, ni mmoja). Lakini kilichonivuta ni rimoti: ilikuwa na vijiti viwili, cha kushoto na cha kulia, na usipovisukuma vyote kwa pamoja kifaru hakiendi mbele, kinazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikajua hapa mkono wa baba hauna pa kujificha. Nikabishana hadi yule mtu akaniuzia ili niondoke.

Wiki tatu nilikitengeneza. Mnyororo wa plastiki nikautupa, nikaweka cheni mbili za bodaboda, mota nikatoa kwenye printa mbovu, betri za laptop, rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. Kikawa kizuri, kizito, chenye heshima. Kasoro ikabaki sauti, kwa sababu kililia kama mbu mwenye mafua, na mzee aliyelala miaka yote chini ya injini za kweli angekiangalia mara moja tu. Sasa sauti ya kifaru utaitoa wapi? Kwenda getini kambini na simu mkononi kuomba kurekodi ni kujitafutia maswali. Nikaenda kwa mashine ya posho, ya kusaga mahindi, nyuma ya soko, ile ya dizeli, nikairekodi ikinguruma, nikaitia kwenye spika ndogo ya wale wachuuzi wanaotangaza dawa ya panya, inayosikika nchi mbili. Nikafunga bodi, gamba lake la juu, kwa skrubu kumi na sita. Nilihesabu, nikahesabu tena.

Siku ya maombi ya shukrani kwa ajili ya baba nikakipeleka Mulanda, nyumba imejaa. Katekista aliyeongoza sala alikuwa amefumba macho, watu wameinamisha vichwa, nami nikaona dakika hiyo ndiyo nzuri ya kuchomoka kwenda nyuma ya nyumba nikajaribu kidogo tu. Nikabonyeza swichi. Kikanguruma. Nikabonyeza kuzima, swichi ikabaki kidoleni mwangu.

Jambo ambalo mimi mtu wa Busia sikujua, na Mulanda nzima ilijua, ni kwamba mashine yao ya posho, iliyo hatua chache nyuma ya kwetu, ilikuwa imekufa karibu mwezi mzima. Watu walikuwa wanabeba mahindi hadi mjini Tororo. Kila nyumba ilikuwa na beseni la mahindi mlangoni, yamechambuliwa tayari, yanasubiri mlio huo.

Nikasikia Mama Ochwo, jirani yetu, akisema katikati ya sala, "Mashine imepona."

"Wewe, katekista hajamaliza," mwenzake akamkanya.

"Atamaliza. Mimi nakwenda kabla foleni haijawa ndefu."

Viti vikaanza kulia. Nikakifunika kifaru kwa sufuria, kikazidi. Nikakikumbatia ndani ya gomesi, gauni langu pana la sherehe, sasa mimi mwenyewe nikawa ndiye ninayenguruma. Wapishi wakaacha maharagwe motoni wakakimbilia mabeseni. Aliyewapita wote ni Owor, mwenye mashine, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na yeye aliamini kuna mwizi anamsagia.

Nilipotokea mbele ya nyumba, katekista alikuwa anafumbua macho.

"Amina," akasema.

"Amina," baba akajibu, peke yake, katikati ya viti vitupu.

Halafu akaniangalia tumboni. "Nyadoi, umemeza nini?"

Nikakitoa, nikamwekea mapajani, juu ya ule mkono. Nilitaka kumweleza habari ya vijiti viwili lakini huko barabarani watu walikuwa tayari wanarudi na mabeseni yao, Mama Ochwo mbele, unga hana.

"Kumbe Busia mnasaga na kagari ka watoto," akasema. "Haya, mimina basi. Debe moja, laini."

Wakacheka, si kwa upole. Owor alitaka kujua nani atamlipia mbio zake. Harufu ya maharagwe yanayoungua ikatufikia wote kwa pamoja.

Baba yeye alikuwa ameinamisha sikio. "Hii si kifaru," akasema. "Hii ni silinda moja, tena imechoka. Nani amefunga?"

"Mimi, baba."

"Na cheni imelegea. Bisibisi."

Nikampa. Kwa kushoto alijaribu, ikateleza, akajaribu tena, ikateleza, akaguna kama anavyoguna fundi akiletewa kazi ya mwanafunzi. Kisha, bila kututazama, akahamisha bisibisi kwenda mkono wa kulia. Vidole vilifunga taratibu, kimoja baada ya kingine. Mama Ochwo akashusha beseni chini, akalikalia ukingo. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyesema tule. Kifaru kikaendelea kusaga hewa hadi alipoinua bodi, akang'oa waya wa spika, na kukawa kimya.

Maharagwe tulikula yameungua, na sikuambiwa pole. Nimejiapia kwamba Mulanda siwashi kitu chochote chenye sauti kabla sijauliza habari za mashine ya Owor. Lakini jioni ile, wakati wa kuokota, nilihesabu skrubu alizozitoa kwa mkono wa kulia. Kumi na sita. Nikahesabu tena, zikawa zile zile, na safari hiyo nilihesabu mara ya tatu, kwa raha yangu tu.