Mheshimiwa Ameanguka Mara Tatu

Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi iko nyuma ya barabara kuu ya Erdington, mjini Birmingham, Uingereza, na sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba kila mkazi aitwe kwa jina lake la kwanza. Sheria hiyo ilinishinda wiki ile ile niliyoanza. Sikulelewa kumwita mtu wa umri wa babu yangu kwa jina tupu, kana kwamba tulicheza mpira wa kati pamoja utotoni. Wanawake niliwaita mama, wanaume niliwaita mzee, na hakuna aliyelalamika isipokuwa meneja. Mmoja tu nilimwita Mheshimiwa.

Alikuwa Mmarekani, na siasa ndiyo iliyokuwa kazi yake maisha yote. Alianzia kwenye bodi ya shule za mji wao, akapanda hadi baraza la mji, kisha akakaa katika seneti ya jimbo lake miaka mingi. Hapo ndipo tamaa ilipomwingia, kwa maneno yake mwenyewe. Akautaka ugavana, akaukosa. Akautaka ubunge wa Washington, akaukosa. Akarudi kukitaka kiti chake cha zamani, nacho akanyang'anywa na mtu aliyekuwa akimbebea mkoba. Mkewe alipofariki, binti yao aliyeolewa na Mwingereza akamleta Birmingham. Nyumba ya binti huko Acocks Green ilikuwa na ngazi kali, ndiyo maana baba akaletwa kwetu.

Nilimweleza kwamba kwetu Kenya mbunge akishaitwa Mheshimiwa huitwa hivyo mpaka kaburini, hata kama alikaa bungeni muhula mmoja tu, na huo wenyewe akisinzia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kwao pia seneta hubaki seneta, hata akiuza magari. "Kumbe tuna ugonjwa mmoja," akasema. Siku nyingine alinifundisha kwamba Kiingereza cha kwao husema mwanasiasa anakimbilia kiti, na cha hapa husema anasimama. Nikamwambia sisi tunagombea, kama watoto wanavyogombea nyama iliyobaki kwenye sufuria. Akasema hatimaye amepata watu wakweli.

Kila asubuhi baada ya chai alivaa kofia, akachukua mkongojo wake, akabonyeza namba za mlango, akaenda zake barabara kuu kununua gazeti. Mwenye duka alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na walibishana juu ya kodi mpaka wateja wakachoka kusubiri. Njiani alisalimia kila mtu kwenye kituo cha basi, anashika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, anauliza habari za watoto. Nilimwambia, "Mheshimiwa, hawa hawawezi kukupigia kura." Akanijibu kwamba mtu hajui. Alikuwa ameshapoteza mke, nyumba na nchi. Matembezi yale ndiyo yaliyobaki yake, na nilijua hivyo kuliko nilivyojua dawa zake.

Sasa, siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa kwenye simu na kaka yangu wa Nakuru, ambaye siasa ndiyo chakula chake.

"Na huyo senator wako, hakuwahi kuwa governor?"

"Wapi! Ameanguka mara tatu. Na ukimtajia anakasirika, so mimi hunyamaza tu."

Mezani alikuwepo mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, anakula wali wake kimya. Hakuniuliza kitu. Alifunga bakuli lake, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Simlaumu. Hapana, niseme ukweli: siku hiyo nilimlaumu sana.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mheshimiwa amesimama mlangoni na kofia yake kichwani. Alibonyeza namba, mlango ukakataa. Akabonyeza tena. Walikuwa wamebadilisha namba, na kando ya kitanda chake wametandika mkeka unaolia mtu akiukanyaga. Aliniangalia akaniuliza amekosa nini. Kabla sijamjibu nikaitwa ofisini.

Meneja alikuwa Mwingereza, mwanamke mpole wa sauti. Akauliza kwa nini nimeficha kwamba mzee ameanguka mara tatu. Katika kazi yetu, kuficha mtu kuanguka ni kufukuzwa, na viza yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kazi ile ile. Nikaeleza kwamba kwetu mtu akishindwa uchaguzi tunasema ameanguka. Hata akifeli mtihani ameanguka. Akanitazama kana kwamba neno hilo nimelitunga pale pale kitini. Akamwita mwenzangu.

"Mi nilisikia na masikio yangu, mama," akasema mwenzangu. "Ulisema mzee alianguka mara tatu. Chez nous, mutu akikosa kura tunasema alishindwa. Kuanguka ni mwili."

"Kwenu si kwetu! Si ungeniuliza tu, dada?"

"Na wewe unaongea pole pole na simu, unasema unanyamaza. Mi ningejua namna gani?"

Tukaendelea hivyo, wawili tunagombana kwa Kiswahili juu ya Kiswahili, na Mwingereza katikati anageuza kichwa huku na huku. Mwishowe mwenzangu akashusha sauti. "Alors, hakuanguka?"

"Hakuanguka."

"Ata siku moja?"

"Ata moja. Ni kura tu zilimwangusha."

Akashika mdomo. Kisha akamgeukia meneja, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kosa ni lake, mzee ni mzima. Nikavuta pumzi, nikadhani tumemaliza.

Meneja akasema amefurahi kusikia hivyo. Lakini kwa umri wa mzee, akasema, afadhali mambo yabaki yalivyo. Binti ameshakubali kwa simu.

Nikauliza kama kuna mtu aliyemuuliza mwenyewe. Nikamkumbusha alichotufundisha kwenye mafunzo ya kazi kwa mdomo wake, kwamba mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuamua, hata akiamua tunaloliona la kijinga. Akasema kwa upole ule ule kwamba, kwa hali yangu, ningejiangalia. Hali yangu! Nilielewa alichomaanisha, na nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Woga ulikuja baadaye, kwenye basi. Pale ofisini sikuwa nao.

Nilimwendea Mheshimiwa nikamweleza yote, pamoja na lile neno. Niliogopa ataumia kusikia tunavyomzungumzia.

"Mara tatu?" akauliza. "Umesahau bodi ya shule. Ile ya kwanza kabisa pia nilianguka." Kisha akasimama, akairekebisha kofia yake.

Yaliyokuja baadaye nitayasema kwa ufupi. Onyo nililipata, na nililia chooni nikalipokea. Binti alikuja, baba akazungumza naye mlango umefungwa, na kesho yake namba mpya akapewa mwenyewe. Mwenzangu wa Bukavu alinisemea mbele ya wakubwa bila kuombwa, na mpaka leo tukipiga simu tunataniana nani hajui Kiswahili. Lakini asubuhi ile hakuna kati yetu aliyejua litakwishaje.

Tulikwenda mlangoni, yeye mbele mimi nyuma. Meneja alitoka ofisini akaniita kwa jina langu la kwanza. Nilibonyeza namba, zote, polepole, ili Mheshimiwa azione. Mlango ukafunguka, manyunyu yakatupiga usoni.

Kizingiti kilikuwa kimelowa. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukamshika kiwiko, maana kwa kazi ile mikono haisubiri kutumwa. Akasimama. Hakugeuka kuniangalia.

"Kama ni kuanguka," akasema, "nianguke mwenyewe."

Nikamwachia.