Kitambaa Nilichokitupa

Mwanangu, kwa miaka ishirini na mbili nimesema kwamba valvu ile haikufungwa vizuri. Niliandika hivyo kwenye ripoti, nikarudia mbele ya meneja, na nimewahi kusema hata harusini, kwa mtu asiyejua valvu ni nini. Valvu ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Niliifungua mimi, nikiwa na digrii yangu.

Siku yenyewe haijanitoka. Nilikuwa na miezi mitano tangu nitoke chuo kikuu, msimamizi wa matengenezo katika kiwanda cha sabuni Temeke, nikiwaongoza mafundi walioanza kazi kabla sijaanza darasa la kwanza. Chini ya meza yangu kulikuwa na katoni ya kufuli mpya. Kila fundi alitakiwa apewe yake, ili akihudumia pampu aipige valvu kufuli na ufunguo akae nao mfukoni. Sikuwa nimezigawa. Nilikuwa bado natengeneza fomu ya kuzigawia, yenye safu tisa, na safu ya nane ilikuwa inanisumbua.

Kwa hiyo mafundi waliendelea na desturi yao ya kuviringisha kipande cha kanga nyekundu kwenye usukani wa valvu. Ukikiona, ujue kuna mtu mikono yake imo ndani ya pampu. Usiguse.

Asubuhi hiyo tulitarajia wageni. Fundi Chilumba, mtu wa Masasi mwenye maneno machache, alikuwa amefunga valvu zote mbili za pampu ya maji ya moto, akamwaga maji yaliyobaki, akaanza kulegeza bolti upande wa pili wa tangi. Mimi nilikuwa napitapita kuhakikisha pako safi. Nikaona tambara limeganda grisi, jeusi, limefungwa kwenye valvu ya kuingizia maji. Nikalivua kwa vidole viwili, nikalitupa. Kisha nikaona valvu imefungwa, nikawaza wageni watapenda kuiona pampu ikifanya kazi. Nikafungua, nikihesabu mizunguko kwa kujivunia.

Chilumba alikuwa na tabia ya kulegeza kwanza bolti zilizo mbali naye, mwenyewe akisimama pembeni. Maji yakapiga ukuta, yakamuunguza mkono wa kushoto. Angesimama kama ambavyo ningesimama mimi, yangempata usoni. Nashukuru mpaka leo kwa hatua ile moja ya pembeni.

Zahanatini, akiwa amefungwa bandeji, aliniuliza, “Injinia, kitambaa changu ulikiona?”

“Sikukiona.”

Akanitazama kidogo. “Basi kesho tugawie zile kufuli.”

Niligawa kufuli zote kesho yake, bila fomu. Yeye akapewa barua ya onyo, na cheo cha kiongozi wa zamu kikampita. Hakuninunia. Karibu kila ninachokijua kuhusu pampu nilikijua kwake, baada ya siku ile.

Sasa shika haya, mwanangu. Ukifunga valvu, piga kufuli yako mwenyewe, na ufunguo usimwachie mtu, hata bosi. Kisha usiamini usukani; fungua njia ya kumwagia maji, uone kwa macho yako kwamba shinikizo limekwisha, ndipo ushike spana. Alama ya mwenzako, hata iwe chafu vipi, huivui, unamtafuta mwenyewe. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mungu akulindie mikono na uso, akujalie mafundi wanaosimama pembeni, na akupe ulimi mwepesi kuliko wangu.

Ulimi wangu ulisubiri mpaka mwezi uliopita. Mkuu wa chuo kimoja kidogo cha ufundi, Ukonga, alinipigia simu. Anataka Chilumba, ambaye amestaafu, afundishe vijana matengenezo ya pampu, lakini kwenye jalada lake kuna onyo la kutofunga valvu, na ripoti ina saini yangu. Akasema mzee mwenyewe ameketi hapo mbele yake na simu iko kwenye spika. “Nisaidie tu kuthibitisha, mama,” akaniomba.

Nikasema, “Alifunga. Aliyefungua ni mimi. Kitambaa nilikiona, nikakitupa.”

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya Chilumba, imezeeka.

“Ulikiona?”

“Nilikiona, mzee wangu. Nisamehe.”

Alivuta pumzi ndefu. “Ahsante, mwanangu. Mie nilikuamini. Nikajua basi nimeanza kusahau. Tangu siku ile kila valvu nilikuwa naifunga, naondoka, narudi kuiangalia tena. Hata nyumbani, bomba la uani. Mke wangu ananicheka.”

Mkuu wa chuo akauliza, taratibu, kama Jumatatu itamfaa kuanza.

“Itanifaa,” Chilumba alisema. “Nilifunga mie.”