Tunaongea Wakishaondoka

Nimeshafunga spika kwenye mikutano mingi, lakini ni mmoja tu ambao wageni waliambiwa wakakae ndani ya gari ndipo wajibiwe.

Na aliyewaambia ni mama yangu mzazi.

Ngoja niwasimulie. Nimechoka, kwa hiyo sitaipamba.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo. Nina amplifaya, maiki mbili, spika za kufunga juu ya paa, na jenereta moja inayokohoa kuliko kunguruma. Harusi nipo, msiba nipo. Siku hizi zaidi ni mikutano ya miradi. Watu wa miradi hawachezi, kwa hiyo spika zangu haziungui.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchimba handaki chini ya kilima kilicho nyuma ya kwetu, na kuzika humo taka za nyuklia.

Ndiyo, umesoma vizuri.

Sasa, chini ya kilima hicho ndiko yanakotoka maji ya kisima cha mama. Marehemu baba alikichimba kwa mikono yake, na mama hanywi maji mengine. Ukimpelekea ya chupa anaoshea vyombo.

Kwa hiyo kwangu haikuwa kazi tu.

Mkutano ulifanyika darasani. Walikuja wawili na dereva wao. Wa kwanza alikuwa afisa mahusiano, tuliyembatiza Bwana Tabasamu kwa sababu uso wake haukupumzika hata nzi alipotua juu yake. Wa pili alikuwa mhandisi, dada mmoja mtulivu aliyevaa buti zenye matope ya kweli.

Bwana Tabasamu aliongea mpaka watoto wakalala. Alionyesha picha ukutani: mapipa, zege, mishale myekundu. Akasema taka zitakaa salama kwa maelfu ya miaka.

"Kuna swali?"

Kimya.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya. Mtu mmoja akapiga chafya.

"Basi tunawashukuru sana kwa kutuunga mkono!"

Hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu mgeni hapingwi usoni. Unamsikiliza, unamsindikiza, unampungia mkono. Akishapotea ndipo watu wanarudi kukaa, na mkutano wenyewe unaanza. Tumelelewa hivyo. Ukitaka kujua tunachofikiria, usiwepo.

Basi wageni wakasindikizwa, wakapungiwa, watu wakarudi kwenye madawati.

Mimi nikaacha vyombo vinaendelea, kama kawaida yangu. Wazee wetu masikio yamekuwa mazito. Bila spika kila mmoja anabisha mada yake.

Mama akashika maiki wa kwanza.

"Huyu kijana anatuahidi maelfu ya miaka. Leo tu kachelewa, na hata pole hakutupa!"

Darasa zima likacheka. Mama hakucheka.

"Mimi nauliza. Hiyo zege ikija kupasuka, wao wameshakufa, sisi tumeshakufa. Nani atabaki wa kumwambia mjukuu wa mjukuu wangu asinywe? Kisima changu sikitoi."

Fundi cherehani akadaka maiki. "Kama ni salama hivyo, si wazike hukohuko walikowasha taa kwa hiyo nyuklia!"

Watu wakapiga kelele za kukubali. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mhandisi, matope mpaka magotini. Gari lao lilikuwa limenasa pale bondeni, na spika zangu zilikuwa zimewafikishia kila neno. Nyuma yake alisimama Bwana Tabasamu, bila tabasamu.

"Tumesikia," alisema mhandisi. "Tunaomba tukae, muendelee."

Wakakaa. Na darasa likanyamaza kama limemwagiwa maji.

"Mama, ulikuwa unasema kuhusu kisima."

"Hapana mwanangu," mama akajibu kwa upole. "Karibuni sana. Mmeshapewa maji ya kunywa?"

Nilishika kichwa. Mama, jamani! Sasa hivi ulikuwa simba!

Mhandisi akaangalia huku na huku, akaishia kucheka cheko la mtu aliyechoka. "Sasa mama yangu, tufanyeje?"

Mama akafikiri kidogo.

"Gari lenu si bado limenasa?"

"Bado."

"Basi nendeni mkakae humo."

Wallahi walikwenda. Niligeuza spika moja ikaelekea bondeni, na watu wakaongea mpaka jua likalegea. Kisima, mashamba, barabara ya malori, makaburi ya wazazi wetu. Mhandisi alikaa mlango wazi, akiandika juu ya goti. Akiwa na swali anamtuma dereva, na sisi tunamjibu kwa spika.

Gari lilipotolewa, alirudi hadi mlangoni.

"Mama, swali lako sina jibu lake. Nitaandika hivyohivyo, kwamba sina."

Sijawahi kusikia mtu wa mradi akisema hivyo. Siku hiyo nilimpenda kama dada yangu wa tumbo moja.

Baadaye habari zikaja: mradi hautajengwa kijijini kwetu. Mama akaimba wiki nzima. Mimi nikalala usingizi wa mtoto.

Kisha Bwana Tabasamu akanipigia simu.

"Kaka, tuna mkutano mwingine. Kijiji cha ng'ambo ya kilima."

Dada yangu ameolewa huko. "Kilima kipi?"

"Si hichohicho? Ila upande wa pili." Nilisikia tabasamu lake kwenye simu. "Na safari hii, tukiinuka tu, zima vyombo. Sawa?"

Nilimweleza mama. Alikuwa anateka maji. Akaweka ndoo chini.

"Kwani maji yanajua mpaka wa kijiji?"

"Niache hii kazi, mama?"

"Nenda. Wakimwita mwingine, atazima."

Nikaenda. Mhandisi hakuwepo. Nilipomuulizia, nikaambiwa amehamishwa.

Ikawa yaleyale: darasa, mapipa, zege, mishale. Kuna swali? Kimya. Dada alikuwa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, ameinamisha macho kama tulivyofundwa.

Wageni wakainuka. Bwana Tabasamu akanitazama, akapitisha kidole shingoni.

Nikainamia amplifaya, nikajifanya nazima. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Watu walipomaliza kusindikiza, dada akachukua maiki. Dada yangu huyu hata kuku hawafukuzi kwa sauti.

"Mama yangu anakunywa maji ya kilima hiki," alisema. "Yuko upande wa pili, kwa hiyo safari hii hakuulizwa. Namuulizia mimi."

Sauti yake ilijaza bonde zima. Nikakimbilia mlangoni nione nyuso za wageni.

Magari yao yalikuwa mbali, kule njia panda. Yalikuwa yameegeshwa tangu asubuhi yakitazama njia ya kutokea. Vioo vilikuwa vimefungwa, injini zinaunguruma. Njia hiyo inapita chini ya shule, na walipotupita pale, Bwana Tabasamu alikuwa kiti cha mbele, anatikisa kichwa kufuata muziki.

Akaniona. Akanipungia mkono, tabasamu lote mahali pake.

Nyuma yangu dada alikuwa bado anaongea. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilirudi nikakaa kando ya jenereta, nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu angalau mtu mmoja amsikilize.

Jioni mama aliniuliza, "Wamesikia?"

Nikamwambia spika zilikuwa nzima. Akanielewa. Akanimiminia maji ya kisima, nikanywa yote.

Nilichojifunza ni hiki. Akija mtu kukuuliza maoni yako, usihangaike na maneno yake. Toka nje kwanza, uangalie gari lake ameliegesha likitazama wapi.