Nilivyowavisha Pupe wa Madamu

Kiboko alimfukuza mjomba wangu kule Ruziba, zamani sana, mimi sijaota hata ndevu. Tulikwenda kununua samaki kwa wavuvi, na mjomba, mtu wa kujipenda, alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kiboko akatoka kwenye matete na hasira zake, nani alimuudhi hatukujua. Mimi nikakimbilia kwa wavuvi. Mjomba akakimbilia kwenye shamba la mihogo, akaruka ua wa miti, na kanzu ikashikwa hapo. Ikachanika kuanzia kwapani mpaka chini. Kiboko alipomwona mtu mzima amebaki na bukta, nadhani na yeye aliona haya, akarudi majini.

Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. "Shehe amechunwa!" Mjomba hakulia kwa sababu ya kiboko. Alilia kwa sababu ya kanzu.

Basi tukaipeleka mtaa wa Buyenzi, barazani kwa Fundi Mkuu. Namwita hivyo kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, hata mke wake. Alikuwa mzee mnene, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Akaipindua kanzu ndani nje, akautafuta mshono wa kwanza, akasema, "Hii alishona fulani wa Uvira. Mukono wake naujua." Mimi nikashangaa. Kanzu haina maandishi, haina alama, na mtu anamjua aliyeishona! Nikabaki nimesimama. Fundi Mkuu akasema, "We mutoto, macho yako yatadondoka ndani ya masini. Kaa. Shika hapa." Nikashika upande mmoja wa kitambaa, yeye akashika wa pili. Ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi. Mjomba alirudi nyumbani peke yake.

Shule nilikuwa nimeiacha tayari, au yenyewe iliniacha. Yote ninayojua nilifundishwa pale barazani. Kushikiza, yaani kupitisha nyuzi ndefu za muda ambazo utazitoa mshono wa kweli ukishakaa. Kukata kwa patroni, ile karatasi yenye umbo la mkono au la kifua. Kupiga pindo bila uzi kuonekana nje. Na desturi: kitambaa ni cha mteja, mabaki ni ya fundi. Mabaki yanaanguka chini ya meza, hakuna anayeyauliza. Lakini kitambaa chenyewe, hata mteja akakaa mwaka, hukigusi.

Neno kubwa la Fundi Mkuu lilikuwa hili: "Nguo inatembea, na jina la fundi linatembea nayo." Na kweli. Ukipita sokoni, mtu anamshika mwenzake kola, anaipindua, anauliza, "Nani amekushonea?" Anajibiwa, "Rajabu." Rajabu ni mimi. Ninyi vijana mna simu za kujitangazia. Sisi tulikuwa na migongo ya watu.

Fundi Mkuu alipofariki, Mungu amrehemu, mashine yangu nikaihamishia Asiatique, mtaa wa maduka, barazani kwa duka la vitambaa. Mwenye duka tulimwita Patron. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuniambia, "Rajabu, shona haraka, kitambaa kiuzike." Kama vile mimi ni bomba la duka lake. Lakini kazi ilikuwepo. Harusi zilikuwepo. Idi ilikuwa Idi.

Halafu ikaja tisini na tatu. Rais akauawa, na mji ukakatwa vipande, mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale. Sisi wa Buyenzi tulibaki tumechanganyikana kama mchele na maharage, hilo nalisema kwa kifua, ingawa haikuwa bila vitisho. Kulikuwa na zile siku za vili morti, vijana wanaufunga mji kwa mawe na matairi, hatoki mtu. Kulikuwa na kuvrefe, saa ikifika kila mtu ndani. Wanawake waliokuwa wameniachia vitambaa hawakurudi kuvichukua. Mmoja alikuwa bibi harusi. Nilikuwa nimeshampima, nimeshaanza kukata, nimeshamtania kwamba kiuno chake kitamaliza uzi. Kitambaa chake kilikaa kwenye msumari mpaka rangi ikabadilika upande wa dirisha. Patron aliniambia nikiuze. Nikamwambia, "Apana, Patron. Mwenyewe atakuja." Hakuja.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Kazi ilikuwa hakuna. Binti yangu alikuwa ameokota kwenye bunda la mitumba mwanasesere, sisi tunasema pupe, wale wa Ulaya wenye kiuno kama kidole na miguu inayosimama kwa ncha kila siku. Pupe yule alikuwa uchi. Mke wangu akasema, "Baba Zaina, mvishe huyu mtu, wageni wakija ni aibu." Nikachukua mabaki ya yule bibi harusi, nikamshonea imvutano, lile vazi la akina mama wa hapa linalofungwa begani. Nikamsimamisha juu ya mashine, asubiri wateja badala yangu.

Aliyekuja ni Madamu. Mzungu aliyekaa nchini miaka mingi, ana duka la vinyago na vikapu na nyumba kubwa nyuma ya duka. Akamwinua pupe, akamgeuza, akampindua pindo. Alipindua pindo, jamani! Moyo wangu ukaruka.

"Nani ameshona?"

"Mimi, Madamu."

"Wewe? Na vidole hivi?"

"Sina vingine."

Akacheka. Wiki ile ile nikahamia kwake.

Msiidharau kazi ile. Kushonea mtu mzima ni rahisi, mwili unasamehe. Pupe hasamehi. Ukizidisha unene wa uzi mmoja, anaonekana mjamzito. Maua ya kitenge ni makubwa kuliko kifua chake, kwa hiyo unatafuta kona ya kitambaa yenye jani dogo au nukta, unakata hapo tu, pengine yadi nzima inakupa mahali pawili. Mkono wa blauzi ukishaushona huwezi kuugeuza kwa kidole, mimi nilitumia spoku ya baiskeli niliyoisugua ncha. Pasi ya makaa ingemmeza, nilipasha kijiko. Na lile bega lake la plastiki linateleza! Imvutano haikai. Nilihangaika mpaka nikagundua kuweka kipande cha flaneli ndani, pale fundo linapokaa, na kushika kwa mshono mmoja uliojificha. Baada ya hapo ungemtikisa kama mti wa mapera, nguo haianguki.

Ulipokuja ule ambargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, uzi ukapotea, vifungo vikapotea. Nikachukua ushanga nikafanya vifungo. Nikafumua soksi kuukuu nikapata uzi. Nilishona makoti, kanzu za harusi, suti ya mjumbe wa serikali yenye mifuko inayofunguka, na ndani ya mfuko leso. Nani ataiona leso ndani ya mfuko wa pupe? Mimi nilijua ipo.

Madamu alizifunga kwenye maboksi, zikaenda Ulaya kwa ndege. Huko kuna watu wanaitwa wakusanyaji. Watu wazima, wana ndevu, wana wajukuu, wananunua pupe na nguo zake wanaweka ndani ya kabati la kioo, hawachezi. Mke wangu hakuamini. "Watu wazima na pupe! Kwao watoto wameisha?" Nikamwambia kila mtu na wazimu wake, wa huko hauui mtu. Siku hizo tulikuwa tunasikia mizinga kutoka milimani, jibu hilo tukaliona la busara.

Nilimuuliza Madamu, "Wale wanaopokea, wanajua ni nani?"

"Wanasifu sana, fundi. Wanasifu mikono yako."

"Wanasema jina?"

"Vita viishe kwanza. Siku wakija, utasimama mbele, utasema jina lako mwenyewe."

Nikaamini. Ndugu zangu, nikaamini miaka mingi. Maana kumbukeni, nguo zangu zilikuwa zinatembea kuliko za fundi yeyote aliyewahi kukaa Buyenzi, zinavuka bahari, na jina limebaki Asiatique linanywa chai. Hata mabaki yale nilimwelezea, akaniuliza yanatoka wapi. Nikamwambia ya nani na nani, huyu alikimbilia Tanzania, huyu hatujui, huyu tulimzika. Alikuwa anasikiliza na kutikisa kichwa. Nilidhani ni huruma.

Watu wananiuliza sasa, mzee, kazi ilikupa nini? Nimestaafu, yaani macho yamestaafu, mimi bado. Miaka ya mwisho nilishona sare za shule, bluu na khaki, mpaka nikawa napitisha uzi pembeni ya sindano na kukanyaga kama bwege. Sina hata nguo moja ya pupe nyumbani. Sina picha. Ukinitaka nikuthibitishie, sina. Nasema ukweli, si kwamba nimesamehe. Wanaosamehe haraka ni wale ambao hawakufanya kazi nzuri. Kijana anayejifunza cherehani nampa shauri moja tu: shonea mtu utakayekutana naye barabarani.

Nimalizie ile siku ya wageni.

Vita vilikuwa vinalegea, ndege zinaleta watu tena. Madamu akanitangazia, wakusanyaji wanakuja. Nikajishonea kostimu, suti kamili ya kijivu, mshono wa bega nikaurudia mara tatu. Mke wangu akanipulizia manukato mpaka nikapiga chafya. Nikafika, Madamu akanitazama juu mpaka chini, hakufurahi.

"Fundi, umevaa kama waziri."

"Ni siku yenyewe, Madamu."

"Ndiyo. Sasa kaa kidogo nyuma ya pazia, nitakuita."

Nyuma ya pazia palikuwa na meza yangu. Mashine haikuwepo. Walikuwa wameipeleka mbele, sebuleni, na kwenye kiti changu wamemkalisha Mama Furaha. Huyu alikuwa dobi wa nyumba, mkimbizi wa kutoka Kongo, mjane, anakaa Buterere pale maji yanapoingia ndani mvua ikinyesha, ana watoto wanne. Siku ile walimfunga kitambaa cheusi kichwani. Akaniona kwenye upenyo wa pazia, akanong'ona, "Baba Fundi, miye sijue hata kutia uzi mu sindano! Madamu anasema nikae tu, nitulie, nikanyage kidogo."

"Kwa nini wewe?"

"Nitajua wapi? Anasema bazungu banapenda mujane."

Wageni wakaingia. Kifaransa changu ni cha dukani, lakini kinatosha. Nikamsikia Madamu akiwaeleza kwa sauti ya msibani: hawa ni wanawake waliofiwa, wanashona nguo ndogo kwa vitambaa vya marehemu wao. Bibi harusi wangu alikuwemo humo, na yule wa Tanzania, na yule tuliyemzika. Wote amewapa Mama Furaha kuwa ndugu zake. Wageni wakapangusa macho. Mzee mmoja, miwani imening'inia kifuani, alikuwa ameshika imvutano yangu, ameligundua lile fundo la flaneli. Akasema, "Angalieni hapa! Ni mwanamke tu anayeweza kulijua hili."

Wakamwomba ashone.

Mashine ya miguu ina tabia yake. Lazima gurudumu uanze kulivuta kwa mkono, kuja kwako, ndipo ukanyage. Asiyejua anakanyaga tu, na gurudumu linarudi kinyumenyume. Nikaisikia. Ilikoroma, uzi ukajikusanya chini ya kitambaa, tap, ukakatika. Miguu yangu ilitoka yenyewe, mimi sikuituma. Nikapita pazia na kostimu yangu, nikainama, nikatoa lile donge la nyuzi, nikatunga sindano, nikalirudisha gurudumu.

Wageni wakanigeukia. Nikasema moyoni, ndiyo sasa. Madamu ataniita kwa jina.

Madamu akasema, "Ni fundi wa kutengeneza mashine. Merci, fundi."

Yule mzee wa miwani akanipigapiga bega, bega lile nililolirudia mara tatu, akaniwekea chupa ya soda mkononi. Halafu akamgeukia Mama Furaha, akamuuliza jina. Madamu akamjibia. Wageni wakalirudia wote pamoja, Furaha, Furaha, kama watoto wa chuo wanaosoma alifu.

Mama Furaha akaniangalia. Macho yalikuwa yamejaa. Akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yao wote, "Baba Fundi, niwaambie?"

Madamu alielewa. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida, na kawaida ulikuwa mweupe.

Neno moja tu nilikuwa nalihitaji. Lakini nilijua jioni ile Mama Furaha angerudi Buterere bila kazi, na watoto wanne wangemngoja mlangoni. Nikamwambia, "Vuta gurudumu kwako kwanza, mama. Halafu kanyaga polepole."

Akavuta. Akakanyaga. Mshono ulikwenda upande, lakini ulikwenda. Wakapiga makofi.

Nikaiweka soda juu ya dirisha, sikuifungua. Nikapita jikoni. Mpishi alikuwa anakaanga sambusa za wageni, akaniuliza, "We Rajabu, unaenda wapi na chakula kiko tayari?" Nikamwambia naenda kuswali. Na niliswali kweli, ila niliswali Buyenzi. Mkasi wangu, kastabini yangu, miwani yangu ya kazi, vilibaki mezani nyuma ya pazia. Sikuvifuata.