Nyati wa Fotini na Matete ya Prespa

Fotini, jirani yetu hapa kando ya ziwa Prespa, alichunga nyati wa kufugwa tangu hajaolewa. Alipofika uzeeni magoti yalikuwa yamekwisha, na haja yake duniani ilibaki moja tu: apumzike.

Nyati wake walishinda kwenye maji ya ufukoni wakitafuna matete. Wavuvi waliwachukia kwa sababu walichana nyavu. Mume wangu Stergios, ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa akimpigia kelele: "Shangazi, wanao wamenichania wavu tena! Wapeleke buchani tupumzike!"

"Ningekupeleka wewe, ila nyama yako ngumu," Fotini alimjibu bila kugeuka.

Majira ya baridi aliteleza kwenye barafu, akavunjika mguu. Akauza nyati wote. Wavuvi wakashangilia. Fotini naye akakaa jikoni na kahawa yake, akaniambia, "Despo, kumbe kukaa tu ni kutamu hivi!" Nilimfurahia kwa moyo wote.

Lakini matete yasiyo na mlaji hayana adabu. Mwaka wa kwanza yalisogea, wa pili yakaziba ufuko mzima. Samaki wetu hutaga mayai kwenye nyasi fupi zilizofunikwa na maji ya uvuguvugu. Walipokuja wakakuta ukuta, wakageuza. Vyura wakapungua, ndege aina ya mwari wakahamia kwingine. Nyavu zilikuwa nzima, hazina hata tundu, na hazina samaki.

Wanaume wakakata matete kwa mundu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yakaota tena. Ndipo wakachanga, wakanunua nyati majike wawili. Loo! Wanyama wale hawakumsikiliza mtu. Waliingia kwenye mashamba ya maharage, na mmoja akambwaga Stergios matopeni. Nilicheka, kisha nikakumbuka sufuria yangu tupu.

Wakaenda kwa Fotini, kofia mkononi.

"Shangazi, tusamehe. Tusaidie," alisema Stergios.

"Sina kinyongo, wanangu. Nimechoka. Mnajua kuchoka nyinyi?"

Akafunga mlango, nami moyoni nikasema, afadhali.

Kesho yake nilimwona njiani, anaburuta mguu, anawaita wale nyati kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto. Wakaacha maharage, wakamfuata. Nikamkimbilia.

"Shangazi, rudi nyumbani! Wavuvi watajua wenyewe la kufanya."

"Watajua lini, Despo? Samaki wakishakwisha?"

"Na wewe je?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha. "Mimi nilidhani nimemaliza," alisema. Akaingia majini mpaka magotini, na nyati nyuma yake.