Ufunguo Ulikuwa Msumarini

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Bi Komeo, na hakuna aliyemwonea, kwa sababu fundi cherehani yule hakuwahi kulifunga komeo la mlango mara moja akaridhika. Alifunga, akaenda kukaa, akanyanyuka kwenda kulishika tena. Paka akipita juu ya bati, moyo ulimlipuka. Simu ikiita alfajiri, alianza kulia kabla hajaipokea. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa vicheko, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, siku mwizi akija hapa ataondoka bila kitu, tena amechoka."

Lakini aliyemcheka kuliko wote alikuwa mama yake mzazi. Bibi yule naye alikuwa fundi kabla macho hayajafifia, na ndiye aliyemfundisha binti yake kushona. Sasa nyonga zilikuwa zimemharibikia, anatembea kwa mkongojo, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa. "Sijui uoga huu kautoa wapi," alisema mbele ya wateja. "Kwetu hatukuzaa mwoga. Labda walinibadilishia mtoto hospitali." Watu walicheka, Bi Komeo akacheka nao, na moyoni aliumia kidogo.

Basi wakanunua gari la kupelekea sare mashuleni. Lilikuwa dogo, la mtumba, lisilo na mlio, la kuwashwa kwa kitufe. Ufunguo wake ulikuwa kipande cha plastiki tu. Ukiwa nacho mfukoni, unagusa mlango unafunguka, unabonyeza kitufe gari linawaka.

"Ufunguo usioingia popote ni ufunguo gani huo?" aliuliza Bi Komeo.

"Ndiyo mambo ya kisasa, mama watoto. Huupotezi, huuvunji."

Hakuamini hata neno moja. Alichukua nyundo, akapigilia msumari ukutani ndani ya chumba cha kushonea, kando tu ya mlango wa barabarani, mahali ambapo akiinua jicho kutoka kwenye cherehani anauona. Ufunguo ukaning'inizwa hapo, na mwalimu akapewa onyo: akitoka na gari, sawa; akirudi, msumarini. Kwa hilo Bi Komeo aliona kamaliza kila kitu. Maskini!

Gari lenyewe lilimpenda bibi kuliko lilivyowapenda wenye nalo. Kitandani nyonga zilimwasha moto, lakini kiti cha nyuma kikishapakiwa marobota ya sweta za shule, alikuwa akijilaza katikati yake na kulala fofofo mpaka jua linapinda. Bi Komeo alimshushia vioo kidogo apate hewa, akafunga milango yote, akajaribu kila kitasa. Na huko nyuma bibi alikuwa na kazi yake. Mwalimu, kwa kuwa injini haina mlio, mara nyingi alishuka akasahau kuizima. Bibi aliupenyeza mkongojo katikati ya viti vya mbele, akabonyeza kitufe kwa ile ncha ya mpira, kisha akaita, "Mkwe wangu, mafuta yanaungua bure!" Mwalimu alirudi anakuna kichwa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kawaida. Bibi amelala garini, mwalimu yuko bafuni anaoga, Bi Komeo anapiga mapindo. Akatokea kijana mlangoni, mfuko mkubwa begani.

"Hodi dada. Samahani, naulizia sweta za shule."

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumtikisa mwanamke huyu. Yeye anayemwogopa hata muuza mkaa aliyemzoea miaka yote, kwa huyu kijana hakushtuka! Na kwa nini? Kwa sababu ya shati. Bi Komeo aliwapima watu kwa ushonaji wa nguo zao. Mwenye pindo lililofumuka alimtilia shaka, mwenye mshono ulionyooka alimkaribisha. Na shati la kijana yule lilikuwa na kola iliyokaa sawasawa, mishono midogo, vifungo vimetiwa kwa mkono. Akajisemea, mtu anayevaa hivi ana mama anayemjali.

"Karibu, mwanangu. Mfuko mzito huo, uegemeze hapo ukutani upumzike."

Mwenyewe akamwonyesha mahali kwa mkono. Chini ya msumari.

Kijana akaegemeza mfuko, akasimama katikati ya mlango kiasi kwamba barabara haikuonekana tena. Akauliza rangi, akauliza saizi ya mtoto wa darasa la kwanza. Nje mlango wa gari ukafungwa, taratibu. Bi Komeo akadhani ni mumewe. Kijana akasema ahsante, atarudi na mkewe wachague, akabeba mfuko wake akatoka haraka. Hapo ndipo mwalimu alipotokea chumbani, taulo shingoni.

Bi Komeo akamtazama mumewe. Akatazama msumari. Ufunguo ulikuwepo, umetulia zake. Akatoka nje mbio, futi ya kupimia nguo ikimning'inia kifuani, akakuta barabara tupu na alama ya mafuta pale gari linapokaa.

"Gari liko wapi?" aliuliza mwalimu nyuma yake. "Mbona ufunguo uko hapa?"

"Mama!" Bi Komeo alishika kichwa. "Mama yangu yumo ndani!"

Jamani, kuna hofu ya kushtuka na kuna hofu yenyewe. Bi Komeo alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Aliyokuwa akiyaogopa maisha yake yote yalikuwa yamemlenga yeye: mlango wake, chumba chake, watoto wake. Hata siku moja hakuwahi kuogopa kwamba yatampata mama akiwa amelala. Aliwaza, wakimwona watamfanya nini? Watamtupa korongoni? Mwanamke asiyeweza kusimama bila mkongojo! Mwalimu alikimbia kulia, akarudi, akakimbia kushoto, kisha akawapigia polisi, hata namba anazikosea. Askari aliyepokea akamuuliza nani alikuwa na ufunguo. Mwalimu akajibu, "Mimi, ninao mkononi!" Askari akamwomba aanze upya.

Majirani wakajaa. Safari hii hakuna aliyetania. Bi Komeo aliishika simu yake kwa mikono miwili, akasali kwa maneno yasiyo na mpangilio, akaahidi vitu ambavyo hana. Kila gari lililopita aliinua kichwa.

Simu ikaita. Namba ngeni. Hakuweza kubonyeza, mwalimu akambonyezea.

"Wewe ndiye unayeshona sweta?" aliuliza mwanamume, nyuma yake honi zinapiga kelele. "Namba yako nimeisoma kwenye lebo ya sweta. Kuna bibi hapa makutano, yuko kwenye gari lililozimika. Anasema hatoki mpaka aje binti yake."

"Yu hai?"

"Hai? Dada, amempiga mtu fimbo!"

Walipofika, gari lilikuwa limekaa katikati ya njia, milango ya mbele wazi, sweta zimemwagika mpaka barabarani. Bibi alikuwa ameketi wima kiti cha nyuma, mkongojo magotini, akiwasimulia watu. Aliamka, alisema, akasikia gari linakwenda. Gari liliposimama kwenye foleni, akazima kama kawaida yake, basi! Yule dereva akabonyeza kitufe akabonyeza tena, wapi. Bibi akapiga ukelele, "Mwizi!", fimbo ikafanya kazi, vijana wote wawili wakatoka nduki. Watu wakapiga makofi. Bi Komeo alimkumbatia mama yake akalia kwa sauti, na bibi akampigapiga mgongoni, "Nyamaza bwana, unaniaibisha."

Fundi wa magari aliyekuja na mwalimu ndiye aliyewaeleza. Ufunguo ule hausubiri kubonyezwa, muda wote unaongea na gari. Mmoja husimama karibu nao na mtambo ndani ya mfuko, anainasa ile sauti na kuirusha kwa mwenzake aliye kando ya gari, na gari linadhani mwenyewe kafika. Likishawaka halizimiki lenyewe. Ila ukilizima mbali na ufunguo wake, haliwaki tena. "Uwekeni ndani ya kopo la bati lenye mfuniko," alisema, "na mjaribu: mkiugusa mlango na kopo mkononi, usifunguke."

Jioni ile walijaribu, haukufunguka. Bi Komeo akaung'oa msumari. Kisha akampelekea mama yake chai chumbani, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, hajavua hata viatu.

"Mwanangu, funga mlango."

Akafunga.

"Sikuamka wakati gari linakwenda," alisema bibi, chini chini. "Niliamka wakati mlango unafunguliwa. Hata kwa macho haya nikaona kola ya yule dereva, imeshonwa vizuri mno. Mkwe wangu hana shati kama lile. Nikajua."

"Mbona hukupiga kelele, mama? Ningekusikia!"

"Sauti haikutoka. Nililala chini ya sweta, mikono imekufa ganzi, nimejikojolea, nasubiri gari lisimame. Mbele za watu ningesemaje?"

Bi Komeo akapiga magoti, akaanza kumvua viatu. Miguu ya mama yake ilikuwa ya baridi.

"Lakini mama, wewe huogopi kitu. Siku zote unasema kwenu hakuna mwoga."

Bibi akamwekea mkono begani.

"Unadhani uoga wako ulinyonya ziwa la nani?" alisema. "Nenda kalishike komeo tena, mwanangu. Halafu urudi ukae na mimi."