Masunga Anakitaka Kisu cha Shehe

Masunga wa Binza ana ugonjwa wa kutotulia. Shule aliacha kidato cha pili, bodaboda ikamchosha, chipsi zikamuunguza, sasa anachuna ngozi machinjioni Maswa. Huko ndiko alikoona maajabu: ng'ombe wote wa mabucha, hata ya Wakatoliki, wanachinjwa na Shehe Swedi. Shehe anakata, ananawa, anapokea shikamoo, anaondoka. Utumbo wanaosha wengine.

"Kazi ndiyo ile," Masunga akasema. Akasilimu.

Akaingia madrasa, jibaba zima na ndevu zake, akakaa mkekani na watoto waliokuwa wanamcheka kila akijikwangua koo kutafuta herufi.

"Umekuwa Mwarabu, ng'wanone, mwanangu?" mama yake, Esteria, mwanakwaya wa parokia, akamuuliza. "Mwarabu mwenyewe atakuelewa?"

"Mayu, ngoja tu nikabidhiwe kisu."

Asubuhi moja mgongo ukamkaza shehe. Akamwita Masunga. "Ukimchinja huyu dume vizuri, kuanzia leo kisu utashika wewe."

Masunga akaja na kanzu. Kanzu nyeupe, machinjioni! Akapiga bismillahi ndefu kama hotuba ya kampeni, akachomekea kila aya anayoijua. Halafu, ili wachuna ngozi wenzake wamwone vizuri, akachukua jiwe akaanza kunoa kisu pale pale, mbele ya macho ya dume. Shwaa. Shwaa.

Dume akatazama kisu, akatazama kanzu, akakata kamba.

Masunga akamkimbiza hadi barabarani, anapiga kelele za Kiarabu chote alichonacho. Dume wa Kisukuma, Kiarabu kakisomea wapi? Pumzi ilipokwisha, Masunga akapiga mluzi wa machungani aliofundishwa na baba yake. Dume akasimama.

Masunga akamrudisha machinjioni, kanzu imekuwa tambara la deki.

"Kisu hakinolewi mbele ya mnyama," shehe akasema. "Unamuua mara mbili. Si nilikufundisha?"

"Ulinifundisha, shehe. Nilikariri mpaka Kiarabu chake."

"Ukaelewa lini?"

"Alipokata kamba."

Shehe akanyoosha mkono. Masunga akamrudishia kisu.

"Mpeleke akanywe maji kwanza. Ameogopa huyu."

"Na kisu, shehe?"

"Bado sana."

Masunga akashika ndoo. Thomasi, mchuna ngozi mwenzake, akamfuata anacheka mpaka machozi. "Shehe Masunga! Dua ya kukimbiza ng'ombe inaanzaje?"

"Punguza sauti," Masunga akamwambia. "Mwache anywe."